Leo Pia Hakushuka

Machi 19

Tuta la mto limepasuka alfajiri. Bonde lote, kuanzia nyuma ya ghala la mahindi hadi kilima cha ng'ambo, ni maji matupu. Barabara haionekani na daraja limekwenda na mto. Binti yangu yuko ng'ambo, kwenye zahanati ya kilimani, ambako ni muuguzi. Nimempigia simu mpaka kidole kikauma. Mchana akapokea, akasema, "Mama, mimi mzima, watu wanapanda huku, nitakupigia," akakata. Hajapiga. Tangu baba yake afariki nyumba hii ina watu wawili tu, na sasa mmoja yuko upande wa pili wa maji.

Nimepanga upya rafu nzima ya fani belti kwenye duka langu la spea, kisha nikazirudisha zilivyokuwa. Kukaa siwezi.

Machi 20

Mvua. Hajapiga.

Machi 21

Amepiga. Watu ni wengi kilimani, wamelala kwenye madarasa ya shule iliyo jirani na zahanati, na maji ya kunywa yanakaribia kwisha. Nikamwambia arudi nyumbani. Akacheka, akaniuliza arudi kwa mabawa ya nani. Mitumbwi ilijaribu jana ikanasa kwenye nyaya za senyenge za mashamba yaliyozama. Sehemu kubwa ya bonde maji ni ya magotini au kiunoni, hayatoshi mtumbwi na yamezidi gari. Pale katikati tu, kwenye mkondo, ndipo yanapotisha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi wakati shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alipopita na trekta lake akarusha tope hadi kwenye kibao cha duka. Nilifungua mdomo nimtukane, nikaufunga. Hapo hapo nikajua la kufanya.

Mimi nauza spea za matrekta. Hakuna mwenye trekta mji huu nisiyemjua kwa ugonjwa wa trekta lake. Nikaanza kupiga simu: wewe wa klachi, wewe wa rejeta inayovuja, wewe uliyeniahidi utakuja tangu mwaka jana. Jioni duka likajaa. Mwenyekiti wa chama cha wenye matrekta akakalia kiti changu bila kuomba, kama kawaida yake. Nikasema bila kuzunguka: watu wako kilimani, trekta linaweza kupita, namtaka kila mwenye trekta na tela ajitolee. Sheli imekubali kutoa dizeli, na machujio nitatoa mimi. Sikusema kwamba ninachokitaka hasa ni kumwona binti yangu akishuka kwenye tela mbele ya mlango huu. Shemeji alinitazama tu akanisoma.

Wote walikubali isipokuwa yule tunayemwita Ngoja-Kwanza. Mtu huyu ukimwonyesha bolti ataigeuza, ataipima kwa kidole, atakwambia "ngoja kwanza", atakwenda zake, na kesho kutwa atarudi kuitazama tena. Mimi na yeye tungeoana, mmoja wetu angekuwa jela.

"Ngoja kwanza," akasema. "Trekta langu likizama, nitalimia nini? Kidole?"

"Watu wana kiu huko, wewe unasema ngoja!"

"Sijasema siji, Mama Spea. Nimesema ngoja."

Nilitamani kumrushia spana.

Kisha mwenyekiti akaleta suala la matairi. Msimu wa kulima, wenye matrekta hujaza maji ndani ya matairi ya nyuma ili trekta liwe zito na lisiserereke likivuta jembe. Sasa njia ni tope tupu, na trekta zito litazama. Kwa hiyo tuyatoe maji, tujaze upepo, matrekta yawe mepesi. Kila mtu akaona ni akili. Nikawaazima jeki kubwa ya dukani wapokezane, na mimi ndiye niliyepiga makofi ya kwanza.

Machi 22

Wamekesha na matairi. Asubuhi matrekta yameondoka kwa mstari, shemeji mbele, kila tela na mapipa ya maji safi. Nimesimama kwenye ghala, mahali barabara inapoingia majini, mpaka miguu ikafa ganzi. Walirudi jioni na kina mama na watoto. Nilizunguka kila tela, nikafunua kila turubai. Hakuna.

"Nilimwambia, shem," shemeji akasema. "Anasema wagonjwa kwanza."

Basi wagonjwa kwanza. Kesho.

Machi 23

Leo pia hakushuka. Walioshuka ni wazee.

Machi 24

Mvua kubwa, hakuna safari. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Machi 25

Shemeji hana tabia ya kutia chumvi, kwa hiyo nimeamini. Amesema leo tela lilipojaa ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Akamwambia binti yangu, haya, panda. Yeye akamwita bibi mmoja aliyekataa kuondoka bila kuku wake, akampandisha bibi na kuku wake.

Kwa hiyo kuku amekuja nyumbani kabla ya mwanangu. Nimemwona huyo kuku. Ametulia kabisa.

Usiku simu ilishika mtandao nikamfokea. Nikamwambia yeye si zahanati, zahanati ina mganga wake na wafanyakazi wake. Akasema, "Mama, mganga alikuwa likizo maji yalipokuja. Niko mimi na dada wa usafi." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Machi 27

Ngoja-Kwanza amekuja dukani. Ameitazama fani belti. Ameondoka.

Machi 28

Watu wameanza kuniita "mkurugenzi". Mwenyekiti hapendi. Nimempa kiti changu akalie kwa moyo mmoja, ili asije akaingia mitini.

Machi 29

Ngoja-Kwanza amesema kesho atakuja na trekta lake. Nimemwuliza kama ana uhakika. Amesema ngoja kesho ifike.

Machi 30

Nisipoandika sitalala.

Leo zamu ilikuwa ya matrekta matatu: shemeji, mwenyekiti, na nyuma kabisa Ngoja-Kwanza, anajivuta kama mtu anayekwenda kutahiriwa. Kwenda walikwenda salama. Mchana mvua ilinyesha huko juu mtoni, sisi hapa hatukuipata hata tone, na hiyo ndiyo iliyotudanganya. Walipokuwa wanarudi mkondo ulikuwa umepanda. Niliwaona kutoka ghalani. Shemeji aliingia katikati, tela lake limejaa wanawake na watoto, na mara nikaona matairi ya nyuma ya trekta lake yananyanyuka. Matairi yale makubwa yaliyojaa upepo yalikuwa maboya. Trekta likaelea sehemu ya nyuma, likaanza kugeuka ubavu taratibu, na tela linalifuata. Watoto walipiga kelele ambayo bado naisikia ninavyoandika.

Mwenyekiti aliyekuwa nyuma akaingia kusaidia. Matairi yake nayo yakaanza kunyanyuka. Akarudi nyuma haraka, akasimama juu ya kiti anapiga kelele, "Maji! Tuliyatoa maji!" Na mimi ukingoni nikaelewa naye kwa pamoja, nikakaa chini kwenye tope. Mimi ndiye niliyepiga makofi.

Ngoja-Kwanza alikuwa amesimama pembeni ya mkondo. Nikajisikia napiga yowe, "Usingoje! Usingoje!" ingawa hakuweza kunisikia. Akaingia. Trekta lake halikuelea. Lilikwenda chini chini kama nyumba inayotembea, maji yanapasuka kwenye matairi yake, mpaka likasimama upande wa juu wa mkondo, karibu na tela la shemeji. Akatupa mnyororo. Mara ya kwanza ukaanguka majini. Mara ya pili shemeji akaudaka, ukamchana mkono, akaufunga. Ngoja-Kwanza akaanza kuvuta, polepole, polepole vile anavyofanya kila kitu duniani, na safari hii sikutaka aongeze mwendo hata kidogo.

Wote wametoka. Trekta la shemeji limekunywa maji hadi kwenye injini, na mkono wake umeshonwa. Nilimshika Ngoja-Kwanza kwa shati mbele za watu.

"Ulijua? Ulijua wasitoe maji, ukanyamaza?"

"Nijue nini?" akasema. "Nilikuwa nangoja zamu yangu ya jeki. Hawajanipa mpaka leo."

Nikacheka na kulia pamoja, watu wakanishika.

Na binti yangu? Shemeji anasema alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye tela lile lile. Mtoto mmoja akaanza kutapika, akaushusha mguu, akabaki naye. Sijui nimshukuru Mungu kwa kutapika kwa mtoto wa watu au niombe radhi. Nimefanya yote mawili.

Machi 31

Siku nzima tunarudisha maji kwenye matairi. Ngoja-Kwanza alikaa kwenye benchi anatazama, hana kazi.

Aprili 2

Safari mbili. Salama. Hakushuka.

Aprili 3

Salama. Hakushuka. Amenitumia salamu kwamba nisimsumbue kwa maswali shemeji, ambaye sasa anapanda tela la mwenzake, mkono unamuuma.

Aprili 6

Jua! Watu wametoka nje kulitazama. Mimi nimefurahi kwa muda mfupi tu, halafu nikaona wakulima wawili wamesimama mlangoni wananiuliza wenye matrekta wako wapi. Mashamba ya huku juu hayakuzama, udongo umelowa vizuri, na wiki hizi mbili ndizo za kulima. Ukizikosa umekosa mwaka. Mwenye trekta naye hivyo hivyo, chakula cha watoto wake anakipata sasa.

Nimewaambia sijui waliko. Wako nyuma ya ghala, wanapakia mapipa.

Aprili 7

Wawili wamekwenda kulima. Hawakuaga. Walipita upande wa nyuma ya soko ili nisiwaone, na trekta ni kitu cha kufichwa?

Aprili 8

Leo nimegombana na mwenyekiti na sijui hata kama nilikuwa na haki. Alikuja na jembe limefungwa tayari. Nikamwuliza amepata wapi uso wa kwenda shambani wakati watu wako kilimani, nikamwita jina ambalo sitaliandika. Wateja wakatoa macho. Yeye hakunijibu kwa hasira. Alivua kofia.

"Mama Spea, hawa wakulima wasipolimiwa sasa, mwezi wa nane watakula nini? Na hao hao wa kilimani wakishuka, watanunua mahindi kwa nani? Utawapelekea tela la nini?"

Miaka yote namwona mwenyekiti mtu wa kukalia viti vya watu, na leo amekwenda akiwa na akili kuliko mimi. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa siwalilii watu wa kilimani. Nilikuwa namlilia mmoja.

Aprili 9

Trekta la shemeji bado halijapona na wengine wako mashambani; amebaki Ngoja-Kwanza peke yake. Asubuhi anavuka, mchana analima. Nimemwuliza ataendelea mpaka lini. Bila shaka mnajua alivyonijibu.

Aprili 10

Mkondo umepungua kidogo lakini barabara bado. Waliobaki kilimani ni wale wasioweza kubebwa na wale wasiotaka kuacha mifugo. Wengi wanaharisha. Binti yangu ameomba chumvi, sukari na dawa za maji, na sabuni, sabuni nyingi. Nimezifunga mwenyewe. Katikati ya sabuni nikatia mikate miwili na soksi zake.

Ngoja-Kwanza amesema kesho ndiyo safari yake ya mwisho, kwa sababu ameahidi watu mashamba yao na wamemvumilia vya kutosha. Sikumfokea. Nimemwomba kitu kimoja, na nimekitamka wazi kwa mara ya kwanza mbele ya mtu: "Nirudishie mwanangu."

"Nitamwambia," akasema.

Aprili 11

Ameshuka.

Nilikuwa ghalani toka saa nne. Trekta likatokea kwenye maji, na ndani ya tela nikaona mtu amesimama, mkono mmoja juu, ameshika chupa ya dripu. Nikamjua kwa bega. Mwanamke mmoja alikuwa na uchungu tangu jana na damu haikomi, ikabidi aje naye, maana nani angeshika dripu njia nzima? Gari la hospitali lilikuwa linasubiri. Alimkabidhi mgonjwa, akaeleza kila kitu kwa daktari bila kukosea neno, gari likaondoka, ndipo akageuka akaniona. Amekonda. Ana harufu ya dawa na tope. Nilimkumbatia akasema, "Mama, utachafuka," nikamwambia anyamaze.

Nimempashia maji ya kuoga. Amekula sahani moja akiwa amesimama. Habari ikaja kwamba mama na mtoto wako hai, akakaa chini ghafla kwenye sakafu ya jikoni, akalia. Sikujua la kufanya, nikakaa sakafuni naye. Sijawahi kuwa na jioni nzuri kama ya leo.

Aprili 12

Nilipoamka alikuwa amevaa.

"Mama, nani ana trekta leo?"

Nikamwambia hakuna. Na kweli hakukuwa na trekta, wote wako mashambani. Akasema kule amebaki dada wa usafi peke yake na wagonjwa, na yeye hajui kuweka dripu, na kuna watoto wawili ambao jana hawakuwa vizuri. Nikamwambia apumzike kidogo, nitamtafutia. "Kweli utatafuta?" Nikasema kweli. Akaniambia, "Ukilipata niamshe, hata nikiwa nimelala vipi." Akajinyoosha kwenye kochi na viatu ameviweka chini tayari, na kabla sijafunga dirisha alikuwa amelala kama mzigo.

Nikakaa kwenye kiti kumtazama. Ninavyojijua siwezi kukaa, lakini leo nilikaa. Kila kitu nilichokipigania tangu tuta lipasuke kilikuwa mbele yangu kinakoroma. Sikuhitaji kufanya lolote. Nikibaki tu kwenye kiti, atalala hadi jioni, giza litaingia, na hakuna trekta linalovuka gizani. Kesho kungekuwa na sababu nyingine. Angenilaumu, angenisamehe, mimi ni mama yake. Nilipiga hesabu hiyo yote na nilikuwa radhi.

Ila wale watoto wawili hawakutoka kichwani. Sijui hata majina yao. Na yule mama wa jana, aliyeshikiwa dripu bonde zima, naye ana mama mahali fulani ambaye leo amekaa kwenye kiti akimtazama mwanawe, na kama binti yangu angeshuka siku ile niliyotaka mimi, asingekuwa na wa kumtazama. Nikanyanyuka. Nilijikaza nisimtazame usoni, nikatoka.

Ngoja-Kwanza alikuwa analima shamba la mwanamke mmoja mjane kama mimi, upande wa juu wa mji. Nilikatiza kwenye matuta, ndala zikabaki kwenye udongo, nikaenda pekupeku mpaka mbele ya trekta nikanyoosha mikono yote miwili. Akazima injini.

"Kuna nini, Mama Spea? Binti si nimemleta?"

"Umemleta. Nataka umrudishe."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Jana umenililia nimlete. Leo nimrudishe. Nishike lipi?"

"Sitaki arudi," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, mbio, kabla sijabadili mawazo. Wagonjwa hawana mtu kule. Washa, tafadhali."

Mwenye shamba alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Na mimi? Nimekungoja tangu juzi. Mvua ikirudi je?"

"Ikirudi nitakulimia kwenye tope," Ngoja-Kwanza akasema.

"Utanilimia kwenye tope, utaniulia shamba!" Aliendelea kulalamika, akatutaja sisi na ukoo wetu wote, huku ameinama nyuma ya trekta anavuta pini ya jembe kwa mikono yake. Jembe likaanguka. "Nendeni basi, mnangoja nini?"

Nilirudi mjini nimesimama juu ya trekta, nimeshika mgongo wa kiti, naliona paa la nyumba yangu kutoka mbali na naomba njia iwe ndefu. Tulipofika injini ilinguruma nje ya dirisha na yeye hata hakugeuka. Angeweza kulala hivyo hivyo. Nilisimama juu yake na miguu yangu ina udongo hadi magotini, nikamshika bega.

"Amka, mama. Trekta lako liko nje."

Alifungua macho, akatazama dirisha, kisha akaitazama miguu yangu.

"Umelitafuta wewe?"

"Vaa viatu," nikamwambia. "Watu wanakungoja."